Kukarabati hamamu ya kale ya Unguja: kuanzia maji mpaka lipu ya chokaa

Ukiona lipu ya hamamu ya kale, yaani nyumba ya kuogea, imevimba, imetoa unga mweupe na inabanduka mapande mapande, mara nyingi ukiibandua utakuta ni saruji iliyopakwa miaka ya karibuni, na nyuma yake ukuta umelowa chepechepe. Aliyeipaka alitaka kuzuia maji. Maji hayakuzuilika, yamefungiwa ndani.

Mwongozo huu ni wa fundi mwashi, msimamizi wa jengo, au mwenye nyumba ya Mji Mkongwe ambayo bado ina birika na choo cha zamani kilichojengwa kwa chokaa. Mifano tunaichukua kwenye hamamu zinazojulikana: ile ya Hamamni, iliyojengwa kwa ajili ya watu wote wa mjini zama za Sayyid Barghash bin Said (alitawala 1870 hadi 1888) na ikafanya kazi mpaka 1920, ile ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na zile za Mtoni na Maruhubi zilizokuwa ndani ya majumba ya kifalme. Zote ni kazi ya mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dawa ya moja inazifaa zote, isipokuwa nakshi za Kidichi, ambazo zina sharti lake.

Kabla ya kushika tindo, ruhusa. Majengo ya kale yako chini ya idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na nyumba zilizomo ndani ya Mji Mkongwe zina mamlaka yake ya hifadhi. Nenda na picha za kila ukuta, mchoro wenye vipimo, na maelezo ya vitu utakavyotumia. Picha hizo zitakufaa na wewe mwenyewe, maana ukuta ukishabanduliwa hakuna anayekumbuka ukingo wa birika ulikuwa na mviringo gani.

Tafuta maji yanakotoka

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi anaitwa kupiga lipu, anapiga, anaondoka, na masika yakiingia lipu mpya inavimba pale pale. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji na kuyatoa tena kwa kukauka. Ukiendelea kunyweshwa kila siku, hakuna lipu itakayokaa.

Anzia juu. Panda kwenye kuba asubuhi baada ya mvua uangalie nyufa, hasa pale kuba inapokutana na ukuta, maana hapo ndipo maji yanapotuama. Angalia matundu ya mwanga. Hamamu ilihitaji matundu hayo kwa mwanga na kwa kutoa mvuke. Yakizibwa kwa saruji, chumba kinakosa pumzi na kuta zinatoka jasho hata kiangazi. Yafungue, kisha yafunike kwa kioo kilichoinuliwa sentimita 3 hadi 5 ili hewa ipite pembeni na mvua isiingie.

Halafu teremka kwenye mifereji. Sayyid Barghash alileta maji mjini kutoka chemchemi za Bububu, na kwenye hamamu maji yalipita kwenye njia zilizojengwa chini ya sakafu. Njia hizo zikiziba au zikibomoka huwa mitaro ya siri: maji ya mvua au ya choo cha jirani yanaingia yasipate pa kutokea. Mimina ndoo 2 za maji yaliyotiwa rangi ya chakula juu ya kila njia unayoiona, ukae nusu saa uone yanatokea wapi. Yasipotokea popote, yameingia ukutani au ardhini, na hapo pa kuchimba umeshapajua.

Mizizi usiivute. Mkuyu ukiota kwenye ukuta, mzizi wake unakuwa umeshika mawe kama pingu. Ukiuvuta unashuka na ukuta. Kata shina, toboa kisiki utie dawa ya kuua miti, subiri kife, ndipo uondoe kinachotoka kwa mkono na kujaza uwazi kwa chokaa nyepesi.

Kama huna hakika unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni mvuke wa chumba, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache saa 48. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumbani, kinachohitajika ni kupitisha hewa.

Ukishakata chanzo cha maji, uache ukuta ukauke. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita hauwezi kukauka kwa wiki mbili. Upe msimu mzima. Kwa hiyo ratiba nzuri ni hii: mifereji na kuba zitengenezwe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Masika yenyewe yatakuonyesha kama umeziba palipovuja. Kipupwe kikiingia, Juni mpaka Septemba, kuna ubaridi kidogo na mvua chache: huo ndio wakati wa lipu. Lipu ya chokaa ikipigwa Februari juani hukauka kabla ya kushika, na ikipigwa Aprili haikauki kabisa.

Kubandua na kutoa chumvi

Gonga ukuta mzima kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, na uweke alama ya chaki. Palipo imara hulia kwa mlio mkavu, mfupi. Palipoachana na ukuta pana mlio wa mtungi mtupu. Lipu ya zamani iliyo imara iache hata kama ina sura mbaya. Imekaa zaidi ya miaka 100 na yako bado haijajaribiwa.

Saruji ndiyo ya kuondoa, lakini kwa subira. Tumia tindo bapa na nyundo ya gramu 500, tindo likilazwa karibu kabisa na ukuta, ukianzia kwenye ufa au ukingo. Usitumie mashine ya kutoboa, maana mtetemo wake unalegeza udongo na chokaa vilivyomo katikati ya ukuta, na unaweza kumwaga kifusi cha ndani bila kujua. Pale saruji iliposhika kuliko jiwe lenyewe, hata ikitoka inatoka na uso wa tumbawe, iache. Hasara ya kuitoa ni kubwa kuliko ya kuibakisha.

Sababu ya kuiandama saruji hivi ni ugumu wake. Tumbawe ni jiwe laini lenye matundu, na ukuta wake hutanuka na kusinyaa kidogo kila siku kwa jua na unyevu. Saruji haikubali kwenda nao, ikapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Maji huingia kwenye ufa kwa urahisi na hutoka kwa shida, kwa hiyo hukaa nyuma na kuyeyusha chumvi. Yanapokauka, chumvi inaganda na kuwa fuwele, fuwele zinakua, na zinasukuma. Ndiyo maana lipu ya saruji huanguka kwa mapande makubwa yaliyobeba unga wa tumbawe mgongoni.

Unga mweupe utakaoukuta usiuoshe kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi laini, uukinge kwenye karatasi, ukautupe mbali. Kisha bandika uji wa karatasi: magazeti yaliyolowekwa maji safi ya mvua usiku kucha, yakapondwa, yakakamuliwa kidogo, yakapakwa unene wa sentimita 2. Yaache mpaka yakauke yenyewe na kuanza kujibandua, siku 7 hadi 14. Chumvi inafuata maji na kuhamia kwenye karatasi. Rudia mara 3 au 4, kila mara kwa karatasi mpya. Kuta zinazotazama bahari, kama za Maruhubi, zinaweza kuhitaji zaidi.

Ukungu wa kijani usitiwe jiki. Nayo inaacha chumvi. Brashi ya katani, maji safi machache, na kufungua hewa vinatosha.

Chokaa na mchanga

Chokaa ya matumbawe hupatikana kwa kuchoma mawe mpaka karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Tumia iliyochomwa kutokana na mawe ya nchi kavu. Matumbawe hai ya baharini hayaguswi, na mikoko haikatwi kwa ajili ya tanuri. Ukinunua chokaa ya mfuko, ijaribu kabla ya kulipa: chota kijiko kimoja, kidondoshee ndimu. Chokaa nzuri hukaa kimya au hutoa povu kidogo sana. Ikichemka povu jingi, imeshakutana na hewa ghalani na kurudi kuwa unga wa jiwe, haitashika kitu.

Iliyo bora ni ile unayoizima mwenyewe. Tayarisha pipa la chuma. La plastiki huyeyuka. Tia maji kwanza, ndoo 3, kisha ongeza mawe ya chokaa ndoo 1, machache machache, ukikoroga kwa mti mrefu. Kamwe usimimine maji juu ya chokaa: itachemka na kuruka usoni. Vaa miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu, na uweke ndoo ya maji safi karibu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 20 bila kusita, kisha hospitali. Watoto wasisogee.

Ikipoa, ichuje kwa wavu wa milimita 3 na uihifadhi chini ya maji yenye kina cha sentimita 10. Kwa lipu ya chini subiri mwezi mmoja. Kwa lipu ya juu miezi 3 au zaidi. Haraka hapa ina malipo yake: chembe ambayo haijazimika itazimika ukutani, itavimba, na itatoa kijishimo cha duara chenye kidoti cheupe katikati. Ukiona vijishimo hivyo miezi michache baada ya kazi, si chumvi. Ni chokaa changa.

Mchanga usiwe wa pwani. Tumia wa shamba, kutoka machimbo yaliyoruhusiwa, wenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika na zenye kona. Weka chembe chache ulimini. Ukisikia chumvi, rudisha. Uchafu upime kwa chupa: nusu mchanga, nusu maji, tikisa, uache mpaka kesho. Tope la juu likizidi kama asilimia 6 ya mchanga, uoshe.

Kiasi cha chokaa huwezi kukikisia, mchanga wenyewe ndio unaokuambia. Jaza kopo la lita 1 kwa mchanga mkavu kabisa, kisha mimina maji polepole kutoka kwenye kipimo mpaka yafike usoni. Maji yaliyoingia ndiyo uwazi uliopo kati ya punje, na chokaa inatakiwa kuujaza. Yakiingia mililita 330, uwiano ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Yakiingia 400, chokaa 1 kwa mchanga 2 na nusu. Chokaa ikipungua lipu inavujika kwa kidole, ikizidi inapasuka ikikauka.

Kwa ukuta wa mita 10 za mraba na unene wa milimita 20, lita 200 za lipu zingetosha kama ukuta ungekuwa umenyooka. Ukuta wa matumbawe haunyooki. Ongeza theluthi: andaa ndoo 13 za mchanga (za lita 20) na ndoo 4 na nusu za chokaa.

Changanya bila kuongeza maji. Mara ya kwanza utaona mchanganyiko ni mkavu mno na mkono utataka kunyanyua ndoo, vumilia. Chokaa ya pipani ina maji ya kutosha, yanatoka kwa kuponda na kukanyaga kwa viatu vya mpira kwa dakika 20 au zaidi. Iko tayari inapong'ang'ania mwiko uliogeuzwa chini juu. Irundike chini ya magunia mabichi kwa wiki moja, kisha iponde tena siku ya kazi. Wakati huo tia usumba kwa tabaka la kati: gramu 100 kwa ndoo, uliokatwa urefu wa sentimita 3 hadi 5. Usumba wetu unatokana na makumbi yaliyozikwa baharini, kwa hiyo uoshe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka ladha ya chumvi iishe, ama sivyo utakuwa unairudisha chumvi uliyohangaika kuitoa kwa magazeti.

Kupiga lipu

Lowesha ukuta jioni ya kabla, na tena asubuhi. Uwe na ubichi bila kung'aa. Mashimo makubwa kuliko sentimita 3 yajaze kwanza kwa vipande vya tumbawe na chokaa, uviache wiki nzima.

Tabaka la kwanza ni la kurusha: lipu laini zaidi, chokaa 1 kwa mchanga 2, inayorushwa kwa mwiko kwa nguvu ili iingie kwenye matundu ya jiwe, unene wa milimita 3 hadi 5. Iache na ukali wake, usiisawazishe. Baada ya siku 4 au 5 piga tabaka la kati, milimita 10, kamwe lisizidi 12. Siku inayofuata likandamize kwa ubao wa kusawazishia kuziba nyufa zilizojitokeza, kisha lichore mistari ya kukatana yenye kina cha milimita 3. Lingoje siku 10. Likiingia kucha ya kidole gumba, bado. Likikwaruzika tu, endelea. Tabaka la juu liwe la milimita 3 hadi 5 kwa mchanga uliochekechwa, ukisawazisha kwa ubao.

Mwiko wa chuma usiung'arishe ukuta. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka nje, kazi ya miezi. Chuma kikifunga uso, ndani hubaki laini kama jibini chini ya ngozi ngumu, na mwakani ngozi hiyo inachubuka.

Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta, yasiuguse, na uyanyunyizie asubuhi na alasiri kwa siku 7. Upepo wa mlangoni ni adui kama jua. Ziba kwa makuti.

Ndani ya birika na chini ya ukuta

Mahali panapokaa maji chokaa tupu haifai, itayeyuka. Hapa huongezwa unga wa udongo uliochomwa, ambao hushikana na chokaa hata ndani ya maji. Magae ya vyungu na mitungi iliyochomwa kwa moto mdogo ni mazuri kuliko matofali ya kiwandani, na vigae vya kung'aa havifai kitu. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekecheke ya unga. Inayopita ndiyo inayofanya kazi; punje zilizobaki zinaingia kwenye hesabu ya mchanga. Uwiano ni chokaa 1, unga wa magae 1, mchanga 2. Tia unga siku ile ile ya kupiga, maana mchanganyiko huu haungoji kesho.

Piga matabaka 2 ya milimita 8 kila moja. Kona za birika zizungushe kwa chupa, usiache pembe kali, kwa sababu pembe ndiyo ya kwanza kupasuka. Lipu hii haitegemei hewa kama ile ya juu, kwa hiyo inapoanza kukaza unaweza kuisugua kwa jiwe laini mpaka ing'ae na kubana. Iweke mbichi mfululizo siku 28, kisha jaza robo ya birika, siku ya pili nusu, na hivyo hivyo. Maji yakishuka zaidi ya sentimita 1 kwa siku, ukiacha yale yanayokauka kwenye ndoo uliyoiweka kando kulinganishia, kuna mahali panavuja.

Nakshi

Nakshi za Kidichi za maua na ndege zimechongwa kwenye lipu yenyewe. Haya yote ya juu hayazihusu. Usipake chokaa juu yake hata mkono mmoja, maana kila mkono unajaza mistari iliyochongwa na baada ya mikono michache ua linakuwa donge. Usibandue, usisugue, usiloweshe. Ukiona nakshi imeachia, iegemeze kwa sifongo na ubao, piga picha, itisha wataalamu wa idara. Wewe shughulika na paa lililo juu yake. Hiyo ndiyo huduma kubwa unayoweza kuipa.

Kupaka chokaa

Baada ya wiki 4 ukuta uko tayari. Chokaa ya pipani iliyochujwa kwa kitambaa, sehemu 1, maji sehemu 3 au 4, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka mikono 4 au 5, kila mmoja baada ya siku moja. Mkono wa kwanza utauona kama maji matupu, na weupe utakuja kesho yake. Anayetaka weupe papo hapo hupaka nzito, na nzito hubanduka. Wapo wanaotia chumvi ili ishike. Kwenye hamamu usitie hata chembe. Rangi ya plastiki nayo usiiruhusu kuingia mlangoni, kwa sababu inaufunga ukuta kama saruji.

Rudia mikono 2 kila mwaka masika yakiisha, na siku hiyo hiyo safisha mifereji ya kuba, gonga ukuta kwa mpini wa mwiko, uandike kwenye daftari palipobadilika mlio. Chokaa iliyosalia pipani ibaki chini ya maji yake. Mwaka kesho itakuwa laini kuliko leo.